Halmashauri na ushirika wa nyumba: Funzo la Chamazi kwa wapangaji wa Dar es Salaam

WAKATI Dar es Salaam ikiendelea kupanua barabara, bandari na miundombinu mingine, lipo swali moja ambalo halijapata jibu la kuridhisha: mpangaji anayeondolewa kupisha mradi wa maendeleo aende wapi?

Mwenye nyumba anajua pa kuanzia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2001 zinamtambua. Hulipwa thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, na hata posho ya makazi inayokokotolewa kwa pango la soko la miezi 36. Mpangaji aliyekuwa akilipa pango katika nyumba hiyo hiyo, pengine kwa miaka ishirini, hana fungu katika hesabu hiyo. Siku tingatinga linapofika, yeye hukusanya vyombo na kuanza kumtafuta dalali.

Jambo hilo si dogo katika jiji ambalo sehemu kubwa ya wakazi wake wanaishi katika vyumba vya kupanga. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 Dar es Salaam. Kufikia sensa ya mwaka 2022 walikuwa milioni 5.38. Ongezeko hilo, kwa kiasi kikubwa, limemezwa na makazi yasiyopangwa, ambako chumba kimoja kwa kodi ya miezi sita iliyolipwa mapema ndiyo nyumba ya familia nzima.

Wapangaji wa Kurasini, katika Manispaa ya Temeke, waliwahi kujaribu njia nyingine. Njia hiyo ni ushirika wa nyumba. Kisa chao kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba maskini wa mjini wanaweza kujipatia makazi wakijiunga, na kwamba juhudi zao huishia katikati ya safari pale halmashauri inapowasaidia kwa mkono mmoja.

Kutoka Kurasini hadi Chamazi

Mwaka 2007 na 2008 serikali iliwahamisha wakazi wa sehemu za Kurasini kupisha upanuzi wa Bandari ya Dar es Salaam. Walioguswa walikuwa zaidi ya watu 30,000, wengi wao wakiwa wapangaji. Wenye nyumba walifidiwa. Wapangaji, kama kawaida, hawakuwamo.

Baadhi ya wapangaji hao walikuwa tayari katika vikundi vya kuweka akiba vilivyo chini ya shirikisho la maskini wa mijini, vikisaidiwa na shirika lisilo la kiserikali la CCI. Badala ya kila mmoja kutafuta chumba kivyake, waliunda chama cha ushirika cha nyumba na kununua ekari 30 za ardhi Chamazi, pembezoni mwa manispaa hiyo hiyo ya Temeke. Mpango ulikuwa kujenga nyumba zipatazo 300.

Hapo ndipo halmashauri ilipoingia, na inafaa mchango wake uelezwe kwa haki. Wakati huo kiwango cha chini cha kiwanja cha makazi, hata katika maeneo ya msongamano mkubwa, kilikuwa mita za mraba 400. Ekari 30 ni takriban mita za mraba 121,400. Viwanja 300 vya mita za mraba 400 vinachukua mita za mraba 120,000. Kwa maneno mengine, kama kanuni ingefuatwa neno kwa neno, ardhi yote ingeishia kwenye viwanja, pasibaki nafasi ya barabara, kisima wala uwanja wa watoto. Ushirika ungelazimika kupunguza wanachama kwa kiasi kikubwa, au kununua ardhi zaidi kwa fedha ambazo haukuwa nazo.

Halmashauri na mamlaka za ardhi zilikubali viwanja vidogo kuliko kiwango hicho. Ridhaa hiyo haikugharimu hazina ya manispaa hata senti moja, lakini kwa wanachama thamani yake ilikuwa kubwa kuliko mkopo wowote ambao wangepewa.

Baada ya hapo wanachama waliachwa waendelee wenyewe. Ardhi walikuwa wameinunua sokoni, kwa akiba na mikopo ya mifuko ya maskini wenzao wa ndani na nje ya nchi. Kwa kuwa mabomba ya maji hayakuwa yamefika, walichimba kisima kirefu. Kwa kuwa hapakuwa na mfumo wa majitaka, walijenga bwawa la mimea la kuyasafisha. Matofali walifyatua papo hapo, kazi ambayo wanawake waliifanya kwa sehemu kubwa. Nyumba zenyewe zilibuniwa ili zijengwe kwa awamu, familia ianze na sehemu ndogo na kuongeza vyumba kadiri uwezo unavyoruhusu.

Kila kimoja cha vitu hivyo ni fahari. Lakini kila kimoja kilikuwa pia gharama ambayo mkazi wa mtaa uliopimwa na serikali hailipi kwa namna hiyo. Fedha zilizotumika kwenye maji na majitaka ni fedha ambazo hazikuingia kwenye kuta na paa. Ujenzi ulikwenda polepole. Na kwa mtu aliyekuwa akipata riziki kando ya bandari, Chamazi ni mbali; nauli ya kwenda na kurudi kila siku ni kodi nyingine isiyoandikwa kwenye mkataba.

Kwa nini ushirika, si mkopo wa benki

Yupo atakayeuliza kwa nini mpangaji asiende benki kama wengine. Jibu liko kwenye hesabu. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995. Mikopo ya nyumba ilianza kurejea katika benki za biashara baadaye, hasa baada ya kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC inayozikopesha benki fedha za muda mrefu. Hata hivyo, idadi ya mikopo hiyo kwa nchi nzima bado ni maelfu machache tu, ilhali upungufu wa nyumba unaotajwa mara kwa mara na viongozi wa serikali ni nyumba milioni 3. Benki hutaka hati na mshahara unaopitia kwenye akaunti. Mama lishe wa Mbagala na mbeba mizigo wa Kariakoo hawana hati wala mshahara wa namna hiyo.

Ushirika wa nyumba huziba pengo hilo kwa kuwafanya wengi kuwa mtu mmoja mbele ya sheria. Chama ndicho kinachonunua ardhi, kukopa na kumiliki hati. Mwanachama huweka akiba kidogo kidogo, hulipa kwa awamu na hudhaminiwa na wenzake. Haba na haba hujaza kibaba, ilimradi kibaba chenyewe kisivuje.

Sheria haikatazi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inavitambua vyama vya nyumba sambamba na vya mazao na vya akiba na mikopo. Kila halmashauri ina afisa ushirika. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazifanya halmashauri kuwa mamlaka za upangaji katika maeneo yao. Vyombo vyote vya kazi vipo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuviunganisha.

Magomeni Kota: Umoja uliosubiri amri

Kukosekana kwa utaratibu huo kulionekana wazi Magomeni Kota. Hao nao walikuwa wapangaji, ila mwenye nyumba wao alikuwa Manispaa ya Kinondoni yenyewe. Familia 644 ziliondolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010 na nyumba zao zikabomolewa kwa ahadi kwamba eneo lingeendelezwa upya. Eneo likabaki wazi kwa miaka kadhaa.

Wakazi hao hawakutawanyika kimya kimya. Waliendelea kuwa na umoja na kudai haki yao kwa pamoja. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alifika na kuagiza wajengewe nyumba. Kazi ilifanywa na Wakala wa Majengo Tanzania, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua majengo yenye nyumba 644, idadi ile ile ya familia zilizoondolewa. Gharama ilitajwa kuwa takriban shilingi bilioni 52, sawa na wastani wa shilingi milioni 80 kwa nyumba moja.

Hakuna anayepaswa kuwaonea wivu wakazi wa Magomeni Kota. Walistahili. Lakini walichopata kilikuja kwa amri ya kiongozi mkuu wa nchi na kwa fedha za hazina kuu. Haiwezekani kila mtaa wa wapangaji umsubiri Rais, na hakuna bajeti inayoweza kumjengea kila mpangaji wa Dar es Salaam nyumba ya milioni 80. Ukiyaweka Magomeni na Chamazi pamoja, picha inajitokeza: upande mmoja serikali ilifanya kila kitu, upande mwingine wanachama walifanya karibu kila kitu. Sera nzuri ingekaa katikati ya hapo.

Wengine walivyofanya

Katikati hapo pamewahi kufikiwa kwingineko. Mfano wa karibu ni Nairobi. Mwaka 2003 Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilikubaliana na wakazi wa vijiji vya mabanda vya Huruma, waliokuwa chini ya Muungano wa Wanavijiji, kuacha kwa muda kanuni zake za kawaida za ujenzi. Katika kijiji cha Kambi Moto nyumba zilijengwa juu ya msingi wa mita 4.6 kwa 4.6 tu, na kupanda ghorofa moja baada ya nyingine kadiri familia ilivyopata uwezo. Ardhi ilikuwa ya halmashauri, hivyo watu walibaki palepale walipokuwa, karibu na kazi na shule. Doa la mpango huo lilikuwa hati, ambayo wakazi waliisubiri kwa miaka mingi.

Mbali zaidi, katika mji wa Montevideo, Uruguay, kikwazo kilikuwa ardhi. Sheria ya nyumba ya mwaka 1968 ilikuwa imefungua njia kwa vyama vya ushirika ambavyo wanachama wake hujenga wenyewe, kila familia ikitoa saa 21 za kazi kwa wiki. Mikopo ilitoka serikali kuu. Lakini chama kisicho na kiwanja hakiwezi kukopa. Mwaka 1990 serikali ya mji, chini ya meya Tabaré Vázquez ambaye baadaye alikuwa Rais wa nchi, ilianzisha hazina ya ardhi: viwanja vya mji vikatengwa kwa ajili ya vyama hivyo, ambavyo hulipa kwa muda mrefu. Mji haukujenga hata nyumba moja ili vyama vipate pa kuanzia.

Zürich, Uswisi, ni mji tajiri usiofanana na Temeke kwa kipato, lakini kanuni yake ni nyepesi kueleweka. Mji hukodisha ardhi yake kwa vyama vya nyumba kwa miongo kadhaa badala ya kuiuza. Chama hutakiwa kuchangia sehemu ndogo tu ya gharama kutoka mfukoni, na pango hukokotolewa kwa gharama halisi bila faida. Mji nao huweka mjumbe wake kwenye uongozi wa chama. Novemba 2011 karibu asilimia 76 ya wapiga kura wa mji huo waliridhia lengo kwamba kufikia mwaka 2050 theluthi moja ya nyumba za kupanga ziwe za vyama na taasisi zisizotafuta faida.

Miji hiyo mitatu haikufanya jambo moja. Nairobi ililegeza viwango na kutoa ardhi yake, Montevideo ilitenga viwanja, Zürich ilikodisha ardhi na kuweka masharti. Lakini katika miji yote mitatu, serikali ya mtaa au ya mji ilitoa kile ambacho wanachama hawawezi kujipatia hata wakiweka akiba miaka mia: eneo zuri, na ruhusa ya kulitumia kwa namna inayoendana na kipato chao.

Kwa nini halmashauri zinasita

Sababu ya kwanza ni fedha. Kwa halmashauri nyingi, kupima viwanja ni chanzo cha mapato. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002 uliendeshwa kwa fedha zilizotoka serikalini na kurejeshwa kwa mauzo ya viwanja. Mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, maarufu kama KKK, nao ulizipa halmashauri mikopo isiyo na riba katika mwaka wa fedha 2021/22. Mkopo usio na riba nao lazima ulipwe. Halmashauri yenye deni humpenda mnunuzi anayelipa haraka, na mnunuzi huyo si kikundi cha wapangaji 300 wanaochangishana kila wiki.

Matokeo yake yanajulikana. Viwanja huishia mikononi mwa wenye uwezo, na baadhi ya vile vya mradi wa mwaka 2002 vilikaa miaka mingi vikiota majani huku wamiliki wakisubiri bei ipande.

Sababu ya pili ni namna misaada ya halmashauri ilivyopangwa. Sheria inazitaka kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, imelenga biashara ndogo zinazorudisha fedha mapema. Nyumba hairudishi fedha mapema. Mama anaweza kukopeshwa mtaji wa kuuza vitenge na kikundi chake, lakini kikundi hicho hicho kikitaka kulipia ardhi, mlango huo si wao.

Sababu ya tatu ni sifa ya ushirika wenyewe. Watanzania wengi wakisikia neno hilo hukumbuka vyama vya mazao vilivyofilisika na viongozi waliojitajirisha kwa jasho la wakulima. Hofu hiyo ina msingi. Chama cha nyumba kinashika mali kubwa kuliko gunia la korosho, na kiongozi mwenye tamaa anaweza kuuza kiwanja kimoja mara mbili. Zipo pia hofu kwamba mwanachama atapata nyumba kwa bei nafuu kisha aiuze kwa tajiri na kurudi kupanga.

Hofu hizo ni sababu ya kuweka masharti, wala hazitoshi kuwa sababu ya kukaa pembeni. Mjumbe wa halmashauri kwenye bodi, ukaguzi wa kila mwaka wa COASCO, na sharti kwamba nyumba ikiuzwa ndani ya miaka fulani iuzwe kwanza kwa chama, ni mambo yanayoweza kuandikwa kwenye mkataba wa ardhi siku ya kwanza. Halmashauri isiyotoa chochote haina nguvu ya kudai masharti hayo. Inayotoa ardhi inayo.

Yanayowezekana sasa

Yapo mambo manne ambayo halmashauri za jiji zinaweza kuyaanza kwa sheria zilizopo.

La kwanza ni kutenga sehemu ya kila eneo jipya linalopimwa kwa ajili ya vyama vya nyumba, kama kitalu kimoja chenye hati moja, na kuruhusu malipo ya miaka kadhaa. Fedha haipotei, inachelewa. Ili halmashauri isibanwe na deni, serikali kuu iongeze muda wa marejesho kwa kitalu hicho tu.

La pili ni kufanya ridhaa ya Chamazi kuwa kanuni. Wapangaji wa Kurasini walijadiliana hadi wakasikilizwa kwa sababu walikuwa na shirika la kuwasemea. Chama kingine kisicho na msemaji kinapaswa kukuta mlango uko wazi tayari, chenye michoro ya viwanja vidogo na nyumba za awamu iliyokwisha kupitishwa.

La tatu ni kupeleka barabara na maji kabla ya watu, au angalau pamoja nao. Hili lina gharama, lakini halmashauri itaingia gharama hiyo tu baadaye, na kwa bei kubwa zaidi, eneo likishajaa ovyo.

La nne ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo la bei nafuu. Kabla ya mradi wowote kuhamisha watu, wathamini huhesabu nyumba. Wahesabu na wapangaji pia, kwa majina, kupitia ofisi za serikali za mitaa ambazo zinawafahamu. Afisa ushirika aende na orodha hiyo, akawaeleze kwamba wakijiunga wana nafasi kwenye kitalu fulani, na akawasaidie kusajili chama kabla ya siku ya kuhama. Wakishatawanyika mitaa kumi, hakuna ushirika utakaowakusanya.

Dar es Salaam itaendelea kujenga, na itaendelea kuhamisha watu. Hilo halikwepeki katika jiji linalokua kwa kasi hii. Wapangaji wa Kurasini walikwisha onyesha kwamba wanaweza kuweka akiba, kununua ardhi, kufyatua matofali na kuchimba kisima. Sehemu iliyobaki ni ya wale wanaoshika ramani ya jiji na mhuri wa kuidhinisha viwanja, na wapangaji watakaohamishwa kesho wana haki ya kuwauliza madiwani wao wamepanga nini kabla tingatinga halijawashwa.